Habari ya Dawa Iliyoshindwa

Kabla habari ya sayansi haijafika redioni, ilipita kwanza kwenye cherehani ya mke wa mtangazaji. Ndivyo walivyoishi miaka yote ya ndoa yao. Mume alirudi mchana na makaratasi kwapani, akasukuma marundo ya mashati ya shule yaliyojaa kwenye benchi mpaka apate pa kukaa, kisha akasema, "Fundi, hebu nisikilize." Alimwita Fundi hata mbele ya wageni, naye mke akamwita Mtangazaji, hata mtu asiyewajua angedhani ni wafanyakazi wawili wa ofisi moja wanaoheshimiana.

Fundi hakusimamisha kazi kwa ajili ya sayansi. Mguu ulikanyaga, sindano ilikwenda, na mume alisoma juu ya ule mlio. Akiona mguu umesimama wenyewe, alijua hapo amepata, wasikilizaji nao watasimama. Akisikia, "Sasa hapo umeniacha njiani," alichukua kalamu akakata mistari yote, akaanza upya bila kununa.

Siku moja alikuwa anahangaika kueleza jinsi wataalamu wanavyorekebisha kosa dogo lililomo ndani ya chembe za urithi za mgonjwa. Alisema wana kitu kama mkasi.

"Mkasi unakata tu," Fundi alisema. "Mtu akija na mkasi kwenye shati langu namfukuza. Hao unaowasema wewe wanafumua mshono mmoja ulioharibika, wanaushona tena, na shati lenyewe wanaliacha lilivyo. Si ndiyo?"

Mtangazaji alimwangalia mkewe kama mtu aliyeokota kito njiani. Jioni ile wasikilizaji waliambiwa habari za kufumua mshono mmoja, na mwalimu mmoja akapiga simu kituoni kushukuru, akisema darasa zima limeelewa. Fundi akaringa wiki nzima.

Mitaani walimwita Mtangazaji kwa jina jingine: Panya Si Mtu. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila magazeti yalipotangaza kwa herufi kubwa kwamba dawa ya ugonjwa fulani imepatikana, watu walipiga simu kwenye kipindi wakishangilia, naye akawauliza kwa sauti yake nzito iliyotulia, "Imejaribiwa kwa nani?" Jibu likiwa kwa panya, alisema, "Basi tumpongeze panya, ana siku njema. Lakini panya si mtu." Hakuwa mtu wa kuvunja watu moyo. Alieleza kwamba panya anafanana nasi kwa mengi, ndiyo maana wanaanza naye, lakini dawa nyingi zinazomponya panya huishia hapohapo. Kinyozi wake alimwita hivyo, wauza magazeti walimwita hivyo, na mwanawe aliyeolewa mbali alipopiga simu alianza kwa kuuliza, "Mama, Panya Si Mtu hajambo?"

Ugonjwa uliingilia kwenye herufi. Fundi ndiye aliyeusikia kwanza, kwa sababu sikio lake lilikuwa limezoea. Mume alikuwa anasoma habari za virusi, na ile "r" ikamezwa. Akarudia, ikamezwa tena. Fundi akadhani ni jino.

"Una jino bovu?"

"Meno yangu mazima. Ulimi ndio umechoka."

"Ulimi wako haujachoka tangu nikufahamu," Fundi alisema, wakacheka.

Muda si mrefu wasikilizaji nao wakasikia. Wakaanza kupiga simu kituoni kulalamika kwamba Panya Si Mtu anatangaza amelewa. Mtu ambaye kinywaji chake kikali ni chai! Mkubwa wa kituo akamwita ofisini, akamwambia aje upande wake wa meza waangalie karatasi fulani pamoja. Karatasi haikuwa na maana yoyote. Mkubwa aliinamisha kichwa karibu na mdomo wake, akavuta pumzi, na Mtangazaji akaelewa kwamba ananuswa.

Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe kama kichekesho, akiigiza pua ya mkubwa wake inavyomsogelea. Fundi alicheka. Mtangazaji naye akacheka, akacheka, kisha kicheko kikakataa kukoma, kikageuka kilio, na kilio nacho kikakataa kukoma, mpaka mke akaacha kitambaa akamshika mabega. Aliponyamaza alisema, "Sikuwa na huzuni kiasi hicho. Sijui kimetoka wapi." Hilo ndilo lililomtisha Fundi kuliko machozi yenyewe.

Walizunguka kwa madaktari. Mmoja alisema ni mawazo, mwingine akasema ni kiharusi kidogo kilichopita bila kujulikana, wa tatu akampa dawa za koo. Mwisho wakafika kwa daktari wa neva, mama mmoja mwenye nywele fupi nyeupe, ambaye alikiri kabla ya yote kwamba yeye ni msikilizaji wa kipindi. Alimwambia Mtangazaji atoe ulimi, autulize tu. Ulimi haukutulia. Ulikuwa unachezacheza chini ya ngozi yake, hapa na pale, kama maji yanayokaribia kuchemka. Daktari akagonga magoti yake kwa kinyundo, akampima nguvu za mikono, akawapeleka kwenye mashine inayosikiliza misuli. Fundi alikuwa anamtazama daktari usoni akitafuta dalili. Kumbe angemtazama mumewe. Mtangazaji alikuwa ameshajua. Aliwahi kuufanyia kipindi ugonjwa ule.

Nyumbani alikaa palepale kwenye benchi, akaomba Fundi aendelee kushona ili apate kusema vizuri. Alizungumza polepole, akichagua maneno ambayo ulimi wake uliyaweza.

"Angalia cherehani yako. Mguu ndio unaoamrisha, sindano ndiyo inayofanya kazi. Lakini mguu haugusani na sindano. Katikati pana mkanda, sivyo?"

"Mkanda upo."

"Mimi ubongo wangu mzima. Misuli yangu nayo haina kosa. Kinachokufa ni mkanda, zile neva zinazobeba amri. Zinakatika uzi mmoja mmoja. Zimeanzia kwenye ulimi. Zitakwenda kwenye mikono, miguu, halafu kifua."

"Mkanda hubadilishwa," Fundi alisema. "Nimebadilisha mara ngapi?"

"Huu bado hawajajua kuubadilisha."

Fundi alitazama chini akaona mguu wake umesimama. Hakukumbuka umesimama lini.

Mtangazaji alirudi redioni mara moja tu baada ya hapo. Aliwaambia wasikilizaji kwamba hajalewa, ila anaumwa, akautaja ugonjwa, akaueleza kama anavyoeleza ugonjwa wa mtu mwingine. Hakuomba pole. Kipindi akakabidhiwa msichana aliyekuwa mwanafunzi wake pale kituoni, ambaye wenzake walimwita Kasuku kwa jinsi alivyosema haraka. Watu waliompigia simu kusema amelewa hawakupiga tena. Mmoja alileta kikapu cha matunda mlangoni, akaondoka bila kugonga.

Mtangazaji alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, mjane muuza mayai. Wazazi wao walikufa mapema, na dada huyo ndiye aliyemlea mdogo wake, akamsomesha kwa mayai yaleyale. Kwa Fundi alikuwa wifi, na mawifi hawa wawili walipatana kwa utani mwingi, kila mmoja akidai mwenzake hajui kumlisha yule mwanamume. Ugonjwa ulipotajwa, Wifi hakulia. Alinunua simu ya kuingia mtandaoni, akajifunza kuitumia kwa hasira, na tangu siku hiyo simu ya Fundi haikupumzika. "Wamepata dawa!" aliandika. "Soma hii!" "Na hii!"

Wanasema mfa maji haachi kutapatapa. Katika nyumba ile, aliyekuwa anazama alitulia, na waliokuwa nchi kavu ndio waliotapatapa. Wifi alikuja mwenyewe siku moja na kapu lake la mayai, akamwekea mdogo wake simu mbele ya macho. Sauti ya Mtangazaji ilikuwa imebaki kama ya mtu anayesema akiwa na tonge mdomoni, hivyo alikuwa anaandika kwenye ubao mdogo wa watoto wa shule. Akasoma habari yote mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akaandika: Imejaribiwa kwa nani?

Wifi alijua swali hilo lilikuwa linaelekea wapi. "Kwa panya," alisema, "lakini walitembea, ndugu yangu! Walikuwa wamepooza wakatembea! Usiniandikie lile neno lako. Nakuomba usiliandike."

Mtangazaji alishika chaki kitambo. Kisha akaiweka chini, akamshika dada yake mkono. Hapo ndipo Wifi alipolia.

Basi yalipokuja majaribio ya dawa kwa watu, nyumba ile iliyapokea kila mtu kwa namna yake. Daktari mwenye nywele nyeupe aliwaita, akaeleza kwamba kuna dawa mpya iliyofanya vizuri kwa panya, ikapewa watu wachache kuangalia kama ina madhara, na sasa inapelekwa kwa wagonjwa wengi wa nchi mbalimbali kuona kama inasaidia kweli. Nusu ya wagonjwa watapata dawa. Nusu watapata kidonge kinachofanana nayo kwa kila kitu, ila ndani hakina dawa. Nani apate kipi, kompyuta ndiyo itakayopiga kura. Mgonjwa hatajua, na daktari pia hatajua.

"Yaani mtu anakufa," Wifi alisema, "nyinyi mnampa unga?"

"Ninyi mnaweza kukataa, mama," daktari alijibu. "Hakuna atakayewalaumu."

Lakini Mtangazaji alikuwa ameshachangamka kama mtoto aliyechaguliwa kwenye timu. Waliporudi nyumbani aliandika, akafuta, akaandika, mpaka chaki ikaisha. Ugonjwa huu haufanani kwa kila mtu, alieleza. Wapo wanaokwenda haraka, wapo wanaokwenda polepole wenyewe tu. Ukiwapa wote dawa, mmoja akienda polepole, utajuaje kama ni dawa au ndivyo alivyo? Lazima uwe na wa kumlinganisha naye. Na kwa nini daktari asijue? Kwa sababu naye ni mtu. Akijua huyu ana dawa, atamtazama kwa matumaini, na matumaini hupima vibaya.

"Hapo nimekuelewa," Fundi alisema. "Mimi nikimpima mtu ninayempenda, namwachia nafasi kidogo. Sikusudii, mkono unalegea wenyewe."

Mtangazaji akapiga meza kwa kiganja, kwa furaha, kama zamani.

Wifi alimfuata Fundi jikoni. "Wewe ndiye mkewe," alisema kwa sauti ya chini. "Ukikataa hatakwenda. Maisha yake yote anaimba panya si mtu, leo mnataka kumfanya yeye panya."

"Mwili ni wake, wifi."

"Mwili ni wake, lakini mimi ndiye niliyeulea."

Fundi alifungua bomba. Aliosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Vidonge vilikuja kwenye chupa nyeupe, asubuhi kimoja, jioni kimoja, na kila mwezi alikwenda hospitali kutoa damu ya kupimwa. Kwa kuwa koo lilikuwa limeanza kukataa, Fundi alivisaga akavichanganya na uji mzito. Siku za mwanzo alivumilia. Kisha tamaa ya kujua ikamzidi. Asubuhi moja, kabla ya kuchanganya, alitia kidole kwenye ule unga akaulamba. Mchungu! Uchungu ulimkaza taya mpaka machozi yakamtoka, naye akatoka jikoni akikimbia na kijiko mkononi. "Mtangazaji! Ni dawa! Nimeonja! Ni chungu kama nini sijui!"

Mumewe alimtazama kwa huruma kubwa sana. Akachukua ubao. Mkono ulikuwa umeanza kudhoofika na maandishi yalikuwa yanateremka. Aliandika: Hata cha bandia wametia uchungu.

Fundi alisimama akasoma mara mbili. "Washenzi hawa," alisema hatimaye, "wanajua kazi yao." Mtangazaji alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi Fundi ampige mgongo.

Kipindi kifupi alionekana nafuu. Alinyanyua birika peke yake, na Fundi akamwambia Wifi, na Wifi akaleta mayai mengi kuliko uwezo wa nyumba. Lakini ugonjwa ulikuwa umepumzika tu, kama mpagazi anayebadilisha bega. Vidole vikashindwa kufunga vifungo. Fundi aliyachukua mashati yote ya mumewe, akatoa vifungo, akashona utepe wa kunasa kwa ndani, kisha akavirudisha vifungo kwa juu, juu ya nguo iliyokwisha fungwa, ili akitazamwa aonekane ni mtu aliyevaa na kujifunga mwenyewe. Mtangazaji alipovishwa la kwanza alilipapasa kifuani, akavigusa vifungo vile visivyofungua kitu.

Ng'ombe haelemewi na nunduye, watu walimwambia Fundi walipomwona anamnyanyua, anamgeuza, anamwogesha. Ni kweli na si kweli. Aliwahi kusimama bafuni, maji yakimwagika, akamwonea wivu mwanamke wa jirani ambaye mumewe alikuwa anafoka ng'ambo ya ukuta kwa sauti nene, nzima, akitafuta soksi.

Alikufa mchana, kitini, dirisha likiwa wazi. Kifua ndicho kilichochoka, kama alivyokuwa amesema. Fundi alikuwa anapiga pasi kola za watoto wa watu. Alisikia pumzi moja ikienda mbali kuliko nyingine, akaweka pasi chini ikiwa imesimama vizuri, akaenda akampigia magoti. Akili ya mumewe ilikuwemo mpaka mwisho, aliiona machoni. Alimwambia, "Nipo, Mtangazaji." Ikawa basi.

Msibani, mbele ya watu, Wifi alisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Walimpa unga! Ndugu yangu walimpa unga, dawa akapewa mwingine!" Waliomshika walidhani ni uchungu wa siku ile, utapita. Haukupita. Alilisema sokoni, akalisema kanisani na msikitini kwa majirani wa pande zote, na kwa Fundi akaacha kuja. Mayai yakakoma.

Fundi hakumjibu, kwanza kwa sababu hakujua ukweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine aliyoificha hata kwa mwanawe: na yeye alitaka iwe unga. Ikiwa mumewe alipewa unga, basi dawa ya kweli iko mahali, inafanya kazi, na yeye alikosa tu bahati ya kura. Bahati mbaya mtu anaweza kulala nayo.

Mwaka ulipita na zaidi. Daktari alipiga simu akamwomba aje hospitali, au yeye amfuate nyumbani. Fundi akaenda. Walikaa kwenye chumba kidogo chenye feni inayolia, na daktari hakuzunguka.

"Majaribio yamekwisha, mama. Dawa haikufanya kazi. Waliopewa na wasiopewa wamekwenda sawasawa, hakuna tofauti. Itatangazwa siku chache zijazo, sikutaka usikie njiani." Akafungua faili mbele yake. "Sasa majina yamefunguliwa. Ukitaka kujua alikuwa upande gani, naweza kukwambia. Usipotaka, ni haki yako."

Fundi alitazama feni. Alijua akinyanyuka sasa hivi aende zake, ataondoka na kitu fulani mkononi, ingawa ni kitu kidogo. Alijua pia kwamba mumewe hangenyanyuka.

"Niambie."

"Alikuwa anapata dawa yenyewe. Tangu siku ya kwanza."

Feni ililia. Nje mtu alisukuma kitanda cha magurudumu.

"Na wewe hukujua?"

"Sikujua. Nilikuwa natamani tu awe upande wa dawa. Kwa siri, maana haturuhusiwi hata kutamani." Daktari alivua miwani. "Kumbe alikuwa."

"Basi ilikuwa kazi bure."

"Kwake yeye, ndiyo, haikumsaidia, sitakudanganya. Kwa wengine, njia hii sasa inajulikana imeziba, hakuna mgonjwa atakayepoteza muda wake tena humo. Na damu aliyotoa kila mwezi bado tunayo, wanaitumia kutafuta kwa nini imeshindwa. Ni kitu. Lakini sisemi ni faraja."

"Si faraja," Fundi alikubali. Akashukuru, akatoka, akapotea kwenye korido ya hospitali ambayo alikuwa ameipita mara nyingi na kiti cha magurudumu, mpaka mfagiaji akamwonyesha mlango.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda sokoni kwa Wifi.

Alimkuta anakagua mayai, akiinua moja moja mbele ya taa kuona kama ndani ni zima. Alikuwa amezeeka. Hakumkaribisha, lakini alisogeza trei moja iliyokuwa juu ya kigoda, na Fundi akakaa.

"Wifi, nimetoka kwa daktari. Wamemaliza ule utafiti."

"Wamewapa watu dawa sasa? Baada ya kumpa ndugu yangu unga?"

"Hakupewa unga."

Yai lilibaki mbele ya taa. "Nani kasema?"

"Wamefungua majina. Alipewa dawa, wifi, tangu mwanzo. Dawa ndiyo haikufanya kazi. Haikumsaidia yeyote."

Wifi aliliweka lile yai kwenye trei, taratibu, kwenye tundu lake. Akachukua jingine, akaliinua, akaliweka. Kisha mikono ikakaa tu. "Bora ungekuwa unga," alisema.

"Najua."

"Hujui. Mimi nimewachukia hao watu kila asubuhi nikiamka. Nimekuchukia wewe. Ilikuwa inanisaidia kuamka." Sauti ilimkatika. "Sasa nimchukie nani?"

Fundi hakuwa na wa kumpa. Alivuta kigoda karibu, akamlaza kichwa begani, na wateja wa mayai waliokuja wakaona, wakapita kwa muuzaji mwingine.

Habari ya dawa iliyoshindwa huwa haina mbio. Inayoponya hutangulia, inayoshindwa huachwa ijitafutie njia. Fundi alingoja siku kadhaa akisikiliza kipindi, akasikia habari za darubini mpya na za samaki wa kina kirefu, hakusikia ile. Akavaa vizuri, akaenda kituoni. Kasuku alipomwona kwenye ngazi alisimama kama mtu aliyefumaniwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukugombeza. Ile habari ya utafiti wa Mtangazaji imekufikia?"

"Imenifikia siku ileile ilipotangazwa." Kasuku, ambaye maneno hayajawahi kumpungukia, alikuwa anayatafuta. "Nimeiandika mara nyingi, mama, na kila nikifika kusema haikusaidia, namwona amekaa pale studio. Nikafikiri na wewe utakuwa unasikiliza huku unashona. Nikaogopa."

"Mimi nimeshasikia kwa daktari. Wewe isome tu."

"Nimtaje?"

Fundi alifikiri. "Usimtaje peke yake. Sema wote walioingia. Wenye dawa na wenye unga, wote walimeza."

Siku ya kipindi Fundi alifunika cherehani mapema akaenda kwa Wifi, maana hawakutaka kuisikia kila mtu peke yake. Walikaa kitandani bega kwa bega, redio mbele yao juu ya boksi la mayai. Kasuku alisoma polepole kuliko alivyowahi kusoma. Alieleza ugonjwa, akaeleza kura, akaeleza kwa nini hata uchungu ulifananishwa. Akasema dawa imeshindwa, akasema neno "imeshindwa" bila kulipamba. Akawashukuru wote waliomeza bila kujua wanameza nini, wengi wao hawapo tena. Hapo akakohoa, akafungua simu za wasikilizaji.

Simu ya kwanza ilikawia. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu anayesema akiwa na tonge mdomoni. Wifi alimkamata Fundi mkono.

"Dada... mimi ninao huo ugonjwa," yule mtu alisema. Herufi zilikuwa zinazama moja moja. "Nauliza... kuna utafiti mwingine? Nataka kuingia. Naomba namba..." Hapo akapaliwa. Ilisikika akikohoa, na sauti ya mwanamke nyuma yake ikimwambia anywe maji, anywe maji haraka, na kikohozi kikazidi, mpaka Kasuku akaahidi kumtafutia namba akaikata simu kwa upole.

"Anampa maji vibaya!" Wifi alisema. Alikuwa amesimama. "Umemsikia? Anampa maji akiwa anakohoa!"

"Nimesikia."

"Mpigie! Mpigie yule msichana amwambie mkewe!"

Fundi alikuwa ameshashika simu. Laini ya kituo ilikuwa na watu, akapiga tena, akapiga tena, Wifi akimwegemea begani, mpaka Kasuku mwenyewe akapokea pembeni, si hewani.

"Mama? Kuna nini?"

"Yule mgonjwa aliyepiga. Mpigie umwambie mkewe asimpe maji akiwa anakohoa. Akitulia ndipo ampe, tena yawe mazito kidogo, ayachanganye na uji. Na amshushe kidevu, kiguse kifua, ndipo ameze."

"Kidogo kidogo!" Wifi alisema kwenye simu. "Kijiko cha chai, sio kikombe! Na asimharakishe!"

"Ngojeni," Kasuku alisema, "ngojeni nichukue kalamu."